Herufi zinaenda wapi? Kuongoza fokasi ya kibodi kati ya madirisha

Karani wa mizani pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, haangalii skrini. Macho yako kwenye gunia la dagaa na kwenye namba nyekundu za mizani. Mkono wa kulia uko kwenye vitufe vya namba, wa kushoto umeshika daftari la akiba, maana umeme ni umeme. Anaandika 48.5, Enter, 51, Enter, 47, Enter, huku mnunuzi aliyetoka Burundi anamharakisha na wabebaji wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele za "pisha, pisha!" Dirisha la antivirasi likichomoza katikati ya hapo, ile 47 haiingii kwenye jedwali. Inaingia kusikojulikana, na Enter inayofuata inakubali jambo ambalo hakuna aliyelisoma.

"Dada, mashine imekula gunia langu," ndivyo wanavyoniambia.

Haijalila. Imelipeleka dirisha jingine. Mimi ndiye ninayewaandikia baadhi yao programu za mizani na risiti, na kazi yangu kubwa, kuliko hata hesabu zenyewe, ni kuhakikisha namba inayobonyezwa inafika mahali ambapo aliyeibonyeza anadhani inafika. Haya ninayoandika yanamhusu anayetumia kompyuta tu, na yanamhusu pia kijana anayejifunza kutengeneza programu zenye madirisha. Wa kwanza anaweza kuishia katikati. Wa pili naomba asome yote, kwa sababu usumbufu wa yule wa kwanza mara nyingi umetengenezwa na wa pili.

Kibodi inamsikiliza nani

Kipanya kina mshale. Ukibofya, kompyuta inajua umebofya wapi kwa sababu mshale uko hapo. Kibodi haina mshale. Ukibonyeza "7", mfumo wa uendeshaji unapokea habari kwamba kitufe cha 7 kimebonyezwa, basi. Ni juu yake kuamua impe nani. Uamuzi huo ndio tunaouita fokasi, na unafanyika kwa ngazi mbili: kwanza dirisha gani liko hai kati ya yote yaliyo wazi, halafu ndani ya dirisha hilo ni kisanduku au kitufe gani kinachopokea. Ni kama kipaza sauti cha mnadani: kiko kimoja, na anayekishika ndiye anayesikika, hata kama bei nzuri inatajwa na aliyesimama nyuma.

Ngazi hizo mbili zinachanganya watu. Dirisha lako linaweza kuwa hai kabisa, kichwa chake kimekolea rangi, lakini ndani fokasi iko kwenye kitufe cha "Chapa" badala ya kisanduku cha uzito. Unaandika 47, hakuna kinachoonekana. Unabonyeza upau wa nafasi kwa hasira, printa inaanza kutoa karatasi.

Kwa hiyo tazama vitu viwili. Kichwa cha dirisha: lililo hai huwa na rangi iliyokolea au kivuli kizito kuliko mengine. Kisha ndani yake tafuta kile kijistari kinachopepesa kwenye kisanduku, au mstari mwembamba unaozunguka kitufe. Usipoona hata kimoja, fokasi haipo unapodhani, na usiandike kitu mpaka uipate.

Kuhama bila kugusa kipanya

Nawasisitizia makarani wajifunze vitufe, kwa sababu ya mikono. Mkono wenye magamba na maji ya samaki unaua kipanya haraka kuliko kibodi. Na kipanya kikifa saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ya Ukerewe na Kome inaposhusha, hakuna duka la kukimbilia.

Kwenye Windows, Alt+Tab inajulikana na wengi: shika Alt, gonga Tab mpaka ufike kwenye dirisha unalotaka, achia. Ukiongeza Shift unarudi nyuma. Wasiyoijua ni Alt+Esc, ambayo inapita dirisha moja baada ya jingine kwa mpangilio yalivyofunguliwa, bila kuleta ile picha kubwa ya kuchagua. Mimi hupendelea zaidi kitufe cha Windows pamoja na namba: Windows+1 inakupeleka kwenye programu ya kwanza iliyobandikwa kwenye upau wa chini, Windows+2 ya pili. Bandika programu ya mizani iwe ya kwanza, na karani ataambiwa neno moja tu: "Ukipotea, Windows na moja."

Ndani ya dirisha, Tab inakupeleka mbele na Shift+Tab inakurudisha. Ctrl+Tab inabadilisha kurasa kwenye kivinjari. F6 inaruka kutoka sehemu moja ya dirisha kwenda nyingine, kwa mfano kutoka kwenye ukurasa hadi kwenye sehemu ya anwani.

Kuna mtego mmoja wa kuujua. Ukigusa Alt peke yake, au F10, kwenye programu zenye menyu juu, fokasi inahamia kwenye menyu kimya kimya. Baada ya hapo kila herufi unayoandika inachukuliwa kuwa amri ya menyu. Mtu anasema kibodi imekufa. Bonyeza Esc, mara mbili ikibidi, itafufuka. Ndugu yake ni Num Lock: ikizimika, namba za upande wa kulia zinageuka mishale, na 8 inakupandisha juu badala ya kuandikwa. Hilo si suala la fokasi, lakini analiona aliyesimama kwenye mizani na lawama zote zinakuja kwangu.

Mtego wa pili ni wa wenye skrini mbili. Dirisha limefunguka kwenye skrini ya pili ambayo waya wake umechomolewa au imezimwa. Halionekani, lakini limeshika fokasi, na programu nzima inaonekana imeganda kwa sababu inasubiri jibu lako kwenye dirisha usiloliona. Shika Windows na Shift, kisha gonga mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha linahamia skrini nyingine. Isipokubali, Alt+Space, kisha M, kisha gonga mshale wowote mara moja, na baada ya hapo sogeza kipanya. Dirisha litaufuata mshale wake.

Kwa nini dirisha linapepesa chini badala ya kuja juu

Zamani programu yoyote ingeweza kuruka mbele ya nyingine ikitaka. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000, Microsoft waliweka mipaka. Programu inayotaka kuja mbele lazima iwe na sababu: iwe ndiyo iliyo mbele tayari, au imeanzishwa na iliyo mbele, au ndiyo iliyopokea kitufe au mbofyo wa mwisho. Isipotimiza masharti, Windows inakataa na kupepesa alama yake kwenye upau wa chini. Huko kupepesa ni adabu. Maana yake ni kwamba kuna programu iliyotaka kukunyang'anya kibodi ikazuiwa.

Kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, kuna thamani iitwayo ForegroundLockTimeout, ambayo kwa kawaida ni 200000, yaani milisekunde, sawa na sekunde 200. Ndiyo inayosema mtumiaji alindwe kwa muda gani baada ya kugusa kibodi au kipanya. Utakutana na mafundi wanaokushauri uiweke sifuri ili "madirisha yaje haraka". Usikubali. Wanakutoa mlinzi getini.

Wenye Linux

Ofisi nyingi ndogo hapa mjini zina kompyuta za mtumba, na nyingine naziwekea Linux kwa sababu zinapumua vizuri zaidi. Huko una uchaguzi ambao Windows haikupi kirahisi. Mfumo wa X, uliozaliwa chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987, uliacha suala la fokasi mikononi mwa programu tofauti inayosimamia madirisha. Ndiyo maana kuna desturi tatu: fokasi kwa kubofya, fokasi inayofuata mshale popote, hata ukitoka nje ya madirisha yote inapotea, na ile ya kati, inayofuata mshale lakini inabaki kwenye dirisha la mwisho ukiuweka mshale mahali patupu.

Kwenye GNOME, moja ya mazingira ya madirisha ya Linux, unabadilisha kwa amri moja:

    gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences focus-mode 'click'

Maneno mengine unayoweza kuweka hapo ni 'sloppy' kwa ile ya kati na 'mouse' kwa ile kali. Mimi nikiwa nyumbani Nyegezi naandika programu natumia 'sloppy', na sitaki kusikia nyingine. Unasogeza mshale kidogo, unaandika. Lakini kwenye meza ya mizani ni 'click' peke yake. Mtu akiegesha ndoo mezani, kipanya kinasogea nusu kidole, mshale unaangukia dirisha jingine, na kilo za watu zinahama.

Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, programu haiwezi kabisa kujipa fokasi yenyewe. Inaomba kibali kinachotokana na jambo alilofanya mtumiaji, na mfumo unaamua. Ukihamisha programu ya zamani kutoka X kwenda huko na ghafla dirisha lako halirukii mbele tena, usianze kutafuta kosa kwenye msimbo wako.

Sasa wewe unayeandika programu

Mifano yangu ni ya lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha, kwa kuwa ndiyo vijana wengi wanaoanza wanayo. Ukitumia kitu kingine majina yatabadilika, tabia zitafanana.

Anza na mpangilio wa Tab. Kwenye Tkinter, Tab inafuata mpangilio uliotumia kuviumba vitu, si mahali ulipoviweka kwenye skrini. Ukiumba kisanduku cha uzito kabla ya jina la mwenye mzigo, Tab itaenda uzito kwanza hata kama jina liko juu. Kwa hiyo uviumbe kwa utaratibu ambao karani anaulizia: jina, aina ya samaki, uzito.

    import tkinter as tk

    dirisha = tk.Tk()
    dirisha.title("Mizani")

    jina = tk.Entry(dirisha)
    aina = tk.Entry(dirisha)
    uzito = tk.Entry(dirisha)
    hifadhi = tk.Button(dirisha, text="Hifadhi")
    for kitu in (jina, aina, uzito, hifadhi):
        kitu.pack()

    def mbele(tukio):
        tukio.widget.tk_focusNext().focus_set()
        return "break"

    def chagua_yote(tukio):
        tukio.widget.select_range(0, "end")
        tukio.widget.icursor("end")

    for kisanduku in (jina, aina, uzito):
        kisanduku.bind("<Return>", mbele)
        kisanduku.bind("<KP_Enter>", mbele)
        kisanduku.bind("<FocusIn>", chagua_yote)

    jina.focus_set()
    dirisha.mainloop()

Mstari wa KP_Enter usiufute. Kwenye Linux, Enter ya upande wa namba ni tukio tofauti na Enter kubwa, na karani anatumia ile ya upande wa namba siku nzima. Nacho chagua_yote kinafanya namba ya zamani ifunikwe na mpya moja kwa moja, bila mtu kubonyeza Backspace. Ukikiondoa, 47 inaandikwa nyuma ya 51 na unapata gunia la dagaa lenye kilo 5147.

Zingatia pia kwamba kitufe cha Tkinter chenye fokasi kinabonyezwa na upau wa nafasi, si Enter. Ukitaka Enter ifanye kazi juu ya "Hifadhi", iunganishe mwenyewe. Na kisanduku kikubwa cha maandishi, kile cha maelezo marefu, kinameza Tab kama sehemu ya maandishi. Kutoka humo ni Ctrl+Tab. Waambie watumiaji, au uiunganishe Tab ihame.

Kuna amri mbili za kuweka fokasi, na tofauti yao ndiyo tofauti kati ya mgeni anayebisha hodi na anayeingia tu. focus_set() inasema: dirisha letu likiwa hai, kibodi iende hapa. Kama mtumiaji yuko kwenye programu nyingine, Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, inakumbuka ombi na kulitekeleza atakaporudi. focus_force() inajaribu kuichukua papo hapo, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi kwenye barua pepe. Mimi naitumia sehemu moja tu: programu inapowashwa, kwa kuwa hapo mtumiaji ndiye aliyeifungua. Nikiiona katikati ya msimbo wa mtu, najua kuna tatizo lililofunikwa badala ya kutatuliwa.

Mara nyingi hata huhitaji kukumbuka fokasi ilikuwa wapi. Tk inaweka kumbukumbu ya kitu cha mwisho kilichokuwa na fokasi katika kila dirisha kubwa. Mtu akitoka kwenda kujibu ujumbe wa WhatsApp kwenye kompyuta na kurudi, anakuta kijistari kinapepesa palepale alipokiacha. Wanaoharibu utaratibu huu ni wale wanaounganisha FocusIn (tukio la kupokea fokasi) ya dirisha kuu na kulazimisha fokasi irudi kisanduku cha kwanza. Ukiona ni lazima uiunganishe, kumbuka kwamba tukio hilo kwenye dirisha kuu linapigwa pia na watoto wake wote, kwa hiyo kagua kwanza kama tukio.widget ni dirisha lenyewe.

Madirisha ya kuuliza

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Dirisha la kuuliza linapochomoza, kidole cha karani kiko njiani tayari. Enter yake ilikuwa ya kisanduku cha uzito. Itaangukia swali lako. Kwa hiyo swali la hatari lisiwe na jibu la hatari chini ya kidole. Kama unatumia visanduku vya messagebox vilivyo tayari, askyesno inapokea default="no"; iandike. Ukitengeneza chako, kifanye hivi:

    def uliza_kufuta(mzazi, rudi_kwa):
        d = tk.Toplevel(mzazi)
        d.transient(mzazi)
        d.title("Futa mstari?")
        jibu = tk.BooleanVar(value=False)

        def ndiyo():
            jibu.set(True)
            d.destroy()

        hapana = tk.Button(d, text="Hapana", command=d.destroy)
        hapana.pack(side="left")
        tk.Button(d, text="Ndiyo, futa", command=ndiyo).pack(side="left")
        d.bind("<Escape>", lambda t: d.destroy())

        d.wait_visibility()
        d.grab_set()
        hapana.focus_set()
        mzazi.wait_window(d)
        rudi_kwa.focus_set()
        return jibu.get()

Mstari wa transient unalifunga dirisha dogo kwa mzazi wake, lisipotee nyuma. grab_set inazuia mtu asiguse dirisha kuu kabla hajajibu. wait_visibility inatangulia kwa sababu kwenye Linux dirisha ambalo bado halijaonekana haliwezi kushika chochote. Ukiiacha, utapata kosa la "grab failed: window not viewable", na litatokea kwenye kompyuta ya mteja iliyo taratibu hata kama yako inapita. Mwisho, rudi_kwa inarudisha kibodi mahali maalumu. Usiiachie bahati.

Enter haikuunganishwa na kitu humo, na ni makusudi. Anayetaka kufuta atagonga Tab, kisha upau wa nafasi. Anayekuja mbio na Enter yake hafuti kitu.

Jambo jingine ni ukaguzi wakati wa kutoka kwenye kisanduku. Wanafunzi wanapenda sana: FocusOut ikitokea, kama uzito si namba, fungua kisanduku cha onyo. Lakini kisanduku cha onyo chenyewe kinachukua fokasi, kikifungwa unairudisha, inatoka tena, onyo linakuja tena, mtu amefungiwa ndani. Paka kisanduku rangi nyekundu, andika neno moja pembeni yake, na ukatae wakati wa kuhifadhi. Inatosha.

Taarifa zisizohitaji jibu hazihitaji dirisha. "Risiti imetoka", "Mtandao umerudi", "Nakala ya akiba tayari" ni mstari chini ya skrini unaobadilika rangi, basi. Unaweza kuongeza mlio kwa bell(), ingawa pale mwaloni mlio huo hausikiki kabisa. Labda ofisi za huku Capri Point.

Skrini ya mteja

Wauzaji wa dagaa na kayabo, yaani samaki wa chumvi, wanataka mteja aone namba mwenyewe, kwa hiyo tunaweka skrini ya pili inayomgeukia. Ni Toplevel nyingine, yaani dirisha linalojitegemea, na ina tabia mbaya: kila ukiifungua, inavuta fokasi. Kwenye Windows, hata dirisha lililofichwa ukiliita kwa deiconify(), linainuliwa na kupewa kibodi. Watu wanahangaika kuzuia hilo kwa hila za kila namna. Njia rahisi ni kutoifungua tena na tena. Ifungue mara moja programu inapoanza, kisha uirudishe fokasi kwenye dirisha kuu, na kuanzia hapo badilisha maandishi yaliyomo tu. Mteja mmoja akiondoka, futa namba, usifunge dirisha.

Usitegemee takefocus=0 hapo. Inaondoa kitu kwenye mzunguko wa Tab, haizuii mfumo kulipatia dirisha zima kibodi.

Skana na mizani yenyewe

Skana ya bakodi ya kawaida inajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Ikisoma lebo, inaandika tarakimu kwa kasi na mara nyingi inamalizia na Enter. Kwa hiyo sheria zote za juu zinaihusu, tena kwa ukali, kwa sababu haina macho ya kuona dirisha limebadilika. Kuna mizani za kidijitali zinazouzwa na uwezo huohuo, unabonyeza kitufe na uzito unajiandika penye fokasi.

Ukiweza kuchagua, chagua mizani inayotoa namba kupitia lango la serial, isome kwa maktaba ya pyserial, na programu iweke uzito kwenye kisanduku chake yenyewe. Hapo fokasi haihusiki kabisa. Karani anaweza kuwa ameacha kivinjari wazi na kilo zikaingia sawasawa. Angalizo ni moja: uzi (thread) unaosoma mizani usiguse visanduku vya Tkinter moja kwa moja. Uweke namba kwenye foleni (queue), na dirisha kuu lizichote kwa after kila baada ya muda mfupi.

Kujua iliko sasa hivi

Ukishindwa kuelewa herufi zinapotelea wapi, iulize programu ikwambie:

    def chungulia():
        try:
            print(dirisha.focus_get())
        except KeyError:
            print("orodha au kisanduku cha ujumbe kiko wazi")
        dirisha.after(500, chungulia)

Iite kabla ya mainloop na uangalie terminali huku unafanya kazi. Ikichapa None, programu yako haina fokasi kabisa, iko kwa mwingine. Ile try ni ya lazima: focus_get inaanguka kwa KeyError orodha ya Combobox (kisanduku cha kuchagua) ikiwa imefunguka, kosa la siku nyingi la Tkinter ambalo halikuhusu.

Kabla sijamkabidhi mtu programu nachomoa kipanya na kukiweka mfukoni. Naingiza mzigo mzima kuanzia jina mpaka risiti, nafuta mstari mmoja, nabadilisha aina ya samaki, nachapa tena. Halafu namkalisha karani, nami nasimama nyuma yake saa za mnada bila kusema kitu, nikiangalia mkono wake wa kulia. Kila unapotoka kwenye namba kwenda kutafuta kipanya, naandika jina la dirisha hilo, jioni nalirekebisha. Kwenye programu ninayoitumia sasa limebaki moja: la kubadilisha bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki. Hilo halifikiwi kwa Tab wala kwa kitufe cha mkato. Kilo moja ya mabondo ya sangara ina thamani kubwa mno kubadilishwa na kidole kilichoteleza, na mwenye mzigo mwenyewe ndiye aliyeniomba niliache hivyo.